Mrija Usiovunjika

Baba alinipigia simu siku ya Jumanne, nikiwa katikati ya kugawa maharagwe, akaniambia anataka kuoshwa moyo. Hakusalimu. Nikamwambia moyo si shati, anipigie saa nane. Saa nane kamili akapiga, na safari hii alikuwa na maelezo yote.

Kazi yangu ni kusimamia jiko la shule ya bweni hapa Kilifi. Ukiwapikia watoto mia sita mara tatu kwa siku, ulimi wa kubembeleza unakukauka. Kwa hiyo nilimsikiliza Baba hadi mwisho, jambo ambalo kwangu ni adabu kubwa, kisha nikamuuliza ni nani aliyemwambia hayo.

Alikuwa ameambiwa na mtu wa bara anayeitwa Kamande, mwenye kliniki yake mjini Malindi. Kliniki hiyo hutundika dripu yenye dawa ya kukamata madini mazito mwilini, risasi na zebaki na mengineyo, ikayatoa kwa mkojo. Madini yakitoka, alisema Kamande, mishipa ya moyo hufunguka na mtu hurudi ujanani. Dripu zenyewe ni ishirini. Baba alikuwa tayari amekwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wake wawili wa maziwa.

Simlaumu kwa kutaka kupona. Kwa mwaka mzima alikuwa akidhoofika mbele ya macho yetu. Tumbo lilikuwa likimkaza usiku na mchana, choo hakipati, kichwa kinagonga, na presha imekataa kushuka, ingawa hilo la presha nilikuwa na maoni yangu, maana vidonge alikuwa akivimeza siku anayokumbuka. Kilichomuuma zaidi ni mkono wa kulia. Baba alikuwa fundi redio pale Gede kwa miaka arubaini. Mkono ule uliwahi kulehemu nyaya nyembamba kama unywele bila kutikisika, na sasa kiganja kilikuwa kikining'inia kifundoni kama jani la mgomba lililopigwa jua. Akitaka kusalimiana na mtu huunyanyua kwa mkono wa kushoto. Mimi nikidhani ni uzee. Yeye akidhani ni moyo.

Jumamosi nikaenda naye Malindi. Kliniki ilikuwa safi, sitasema uongo. Watu watatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuegemea, dripu zinashuka, wanatazama runinga. Kamande mwenyewe alikuwa mpole, shati limenyooshwa, sauti ya chini. Nikamuuliza kama wagonjwa wake huwapima kabla ya kuwatundikia dawa. Akasema huwapima mkojo baada ya dripu ya kwanza.

"Mbona si kabla?"

"Kabla, madini yanakuwa yamejificha, Mama. Dawa ndiyo inayoyatoa mafichoni."

Nikafikiria mpishi anayetia chumvi mchuzini, kisha anaonja na kutangaza kwamba mchuzi una chumvi. Nikamuuliza swali la pili: katika wote aliowapima, kuna hata mmoja aliyemkuta hana madini? Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nampa haki yake, akasema bado hajakutana naye. Nikachukua mkoba wangu nikamwambia Baba twende.

Hakunisemesha mpaka tulipopita Gede. Hapo ndipo alipoanza kusema, na alisema mengi, kwamba watoto wa siku hizi wanasoma vyuoni wakirudi wanajua kuliko waliowazaa, na kwamba mimi nangoja afe nirithi redio mbovu. Nikaona nimalize ubishi kwa mapatano. Nikamwambia tutakwenda hospitali Kilifi, damu ipimwe, bila dawa yoyote kutangulia. Ikionekana ana madini mazito mwilini, mimi mwenyewe nitamlipia kwa Kamande na ng'ombe wabaki.

Niliahidi hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika. Hakika ni kitu cha hatari kwa mtu mwenye mdomo kama wangu.

Daktari aliyetupokea Kilifi alikuwa binti wa Kikalenjin, Daktari Cherop, mfupi, mwenye kuuliza maswali machache na kungoja majibu. Alimwambia Baba anyooshe mikono mbele kama mtu anayesukuma mlango. Wa kushoto ulisimama. Wa kulia uliinama. Akamwambia afunue mdomo, akaumulika ufizi kwa tochi muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikamweleza habari za Malindi nikitarajia acheke nami. Hakucheka. Alisema hata kama mimi nisingeomba, yeye angetaka kipimo hicho hicho. Damu ikatolewa, ikapelekwa Nairobi.

Siku tisa baadaye tuliitwa. Daktari alitugeuzia karatasi na kuweka kidole kwenye namba: sitini na nane. Nikamuuliza mtu mzima mwenye afya huwa na ngapi. Akasema chini ya tano, na hata hiyo tano si ya kufurahia. Baba alikuwa na madini ya risasi mwilini, mengi ya kutosha kumkaza tumbo, kumlegeza mkono na kumpandisha presha.

Yaani Kamande alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimekosea. Sipendi kukosea, na napenda zaidi kidogo kukosea mbele ya daktari kuliko mbele ya Baba, lakini siku hiyo nilikosea mbele ya wote wawili. Baba alijinyoosha kitini, akarekebisha kofia yake. "Basi twende Malindi," alisema.

Daktari Cherop akasema hakuna haja ya Malindi. Dawa ya kutoa risasi ipo, ni vidonge, ataviagiza na Baba atavimeza nyumbani. Hiyo ni tiba halali kwa mtu ambaye damu yake imepimwa ikakutwa imejaa kama yake. Baba akamuuliza kuhusu moyo. Daktari hakumficha. Alisema kuosha mishipa ya moyo kwa dripu zile ni jambo ambalo wataalamu wamelijaribu kwa maelfu ya wagonjwa. Utafiti mmoja mkubwa ulileta matumaini kidogo, uliofuata haukuyathibitisha. Kwa hiyo yeye hatampa mtu ahadi hiyo. Moyo wa Baba utalindwa na vidonge vya presha vikimezwa kila siku, pamoja na kutoa hii risasi inayoichochea presha yenyewe.

"Lakini sitaanza leo," alisema. "Risasi haimei mwilini. Inaingia kutoka mahali. Nikikupa dawa na wewe bado unaila, nitakuwa napiga deki na bomba linavuja. Nendeni mkatafute bomba."

Akauliza kuhusu kulehemu. Baba alikuwa ameacha ufundi miaka mitatu iliyopita na zana zake nyingi amezigawa. Akauliza kuhusu rangi za nyumba, mabati, visima, dawa za miti shamba. Hakuna. Akauliza anakula na kunywa wapi.

Baba aliichukua ile karatasi ya majibu, akasimama. Tulipofika kwenye lango la hospitali ndipo alipojibu, kwa neno moja tu.

"Masha."

Masha ni mgema. Yeye na Baba walitahiriwa mwaka mmoja, wakaoa mwaka mmoja, na tangu nilipopata akili sijaona siku ambayo Baba, saa kumi ikifika, hakuelekea kwenye mangwe ya Masha, kilabu chake cha pombe pale Dabaso, kunywa mnazi. Mwezi wa nne ng'ombe wa Baba walikuwa wameingia kwenye mihogo ya Masha, wakatupiana maneno wawili hao, wakanuniana wiki moja, wakarudiana. Mimi nilikuwa nimesahau. Baba, kumbe, alikuwa ameyaweka moyoni.

Nilimwambia asirudie jina hilo mbele ya mtu. Akaitikia. Jioni ile ile akamwambia mdogo wake, Dzombo, kwamba hospitali imemkuta na sumu kwenye damu. Baba mdogo Dzombo ana moyo mwema na masikio mazuri, ila kati ya hayo mawili hana kitu. Kesho yake nusu ya Dabaso ilikuwa inajua kwamba Lewa, yaani Baba, amelishwa sumu, na nusu ya pili ilikuwa inajua amelishwa na nani.

Sitaeleza sana hapa. Msomaji wa pwani anajua maana ya mzee mwenye mvi kutajwa kwa sumu mahali petu. Wapo wazee waliohama nyumba walizozijenga kwa mikono yao kwa maneno madogo kuliko hayo, na hao ndio waliobahatika, maana wengine waliitwa wachawi wakauawa. Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikamwachia msaidizi wangu funguo za stoo, nikaenda Dabaso. Sikwenda kwa Baba. Nilikwenda kwa Masha.

Nilimkuta peke yake. Saa kumi na robo, wakati ambao mangwe ile huwa imejaa vikohozi na vicheko, viti vilikuwa vitupu na vile vibuyu vya kunywea, tunavyoviita mboko, vimefunikwa chini juu. Aliponiona hakusimama.

"Shikamoo, Baba Masha."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza nani mwingine anaumwa."

Akanionyesha kiti.

Wanywaji wake wa kila siku walikuwa saba pamoja na Baba. Mnazi ni mmoja, unatoka chungu kimoja, humiminwa kwa kila mtu kwenye mboko yake. Na Masha, kama desturi ilivyo, huonja yeye kwanza mbele yao wote, ili asiwepo wa kusema ametiliwa kitu. Ameonja kila siku kwa miaka arubaini na tano. Nikamuuliza kama yeye tumbo linamuuma. Halimuumi. Wale wengine? Mmoja ana jino bovu. Mmoja, mwenye miaka sabini na mbili, ameoa tena Ramadhani iliyopita, na malalamiko kutoka nyumbani hakuna. Masha alisema hivyo bila kutabasamu, lakini nilijua kwamba ameanza kunirudia.

"Kwa hiyo Baba anakunywa mnazi ule ule wanaokunywa wenzake."

"Ule ule. Ila yeye husema wake ni mtamu kuliko wetu."

"Kivipi?"

"Kwa sababu ya ule mrija wake."

Hapa nieleze. Mnazi hunywewa kwa mrija, na mrija wa mzee ni kama mswaki wake, haazimwi mtu. Mirija ya wengine pale ni ya mwanzi, na ncha yake imefungwa nyuzi za kilifu, ule wavu unaozunguka makuti machanga ya mnazi, ili kuchuja takataka. Mwanzi huoza, hupasuka, kila miezi michache unatafuta mwingine. Miaka miwili iliyopita, wa Baba ulipovunjika, alisema yeye ni fundi na fundi hanywi kwa majani. Akajitengenezea wa chuma, usiovunjika. Mangwe nzima ilikuwa ikiuonea wivu. Masha alisema Baba alijitolea kumtengenezea na yeye, akampa wake aujaribu kwanza.

"Nikaujaribu mara moja tu. Ule mnazi wa jioni, uliochacha mpaka unakunja uso, ukipita mle unakuwa kama umetiwa sukari." Alitema mate pembeni. "Mimi nimegema tangu sijaota ndevu. Najua utamu wa mnazi unakaa wapi. Ule ulikuwa utamu wa uongo. Nikamrudishia."

Chuoni, nilikosomea upishi, tulikuwa na mwalimu aliyekuwa akitupiga marufuku kulaza kitu kichachu ndani ya chombo cha chuma tusichokijua: ndimu, siki, ukwaju, maziwa lala. Alisema chachu hula chuma na wewe ukala chachu. Nimewafukuza wauzaji wawili wa masufuria ya kusubu kwa sababu ya mwalimu yule. Na mnazi wa jioni ni nini kama si siki iliyo njiani?

Nikampigia Daktari Cherop pale pale. Nikamuuliza kama risasi ikiliwa na kitu kichachu inaweza kuwa tamu.

"Ndiyo," alisema. "Niletee hicho kitu. Na usikionje, tafadhali."

Baba nilimkuta barazani pamoja na baba mdogo Dzombo, ambaye alikuwa ameshafika kwenye sehemu ya kutaja majina ya vijana wa kwenda kumhoji Masha. Niliwaamkia wote wawili, nikapita ndani. Mrija ulikuwa dirishani, umesimama ndani ya chupa yenye masalio ya mnazi. Baba huulaza humo usiku kucha, alisema ukikauka unanuka. Nikautoa, nikaufuta kwa kitambaa, nikarudi nao barazani nikaketi.

Ulikuwa kazi safi, lazima niseme. Bomba jembamba la shaba kutoka kwenye friji iliyokufa, limenyooshwa bila kukunjamana hata mahali pamoja. Kwenye ncha, chujio la umbo la koni, la madini ya kijivu yaliyofuliwa mpaka yakawa laini kama karatasi, yametobolewa kwa sindano matundu madogo yaliyopangwa kwa mistari. Koni na bomba vimeunganishwa kwa lehemu. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wa kulia wa Baba kabla haujalegea.

Nilichukua bahasha ya majibu ya hospitali nikaipitishia ile ncha ya kijivu. Ikaacha mstari, kama penseli.

"Baba, hii ni nini?"

"Unajua ni nini. Ni mrija wangu."

"Hii ncha. Wewe ni fundi, mimi ni mpishi. Niambie ni madini gani yanayoandika hivi."

Aliuangalia ule mstari. Baba mdogo alitaka kusema kitu, nikamnyooshea kidole nikakishusha haraka, maana bado ni baba yangu mdogo.

"Nilifua sahani ya betri," Baba alisema polepole. "Betri ya lori la Sanga, lililokufa. Ni laini. Inafulika vizuri."

"Sahani za betri zinakaa kwenye nini?"

"Asidi."

"Na asidi inazifanya nini?"

Baba alikuwa anautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitufukuza kwa mkanda tukisogelea betri mbovu nyuma ya karakana yake. Alikuwa akituambia mle ndani mna kitu kinachoua polepole, na tukila kwa mikono ile ile tutakuwa wajinga. Nilikuwa nimepanga kumkumbusha hayo. Niliona hakuna haja.

"Inazila," alisema.

Baba mdogo Dzombo aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye bado anatafuta vijana wake, Masha basi amefanya nini. Baba akamwambia aende nyumbani. Akamwambia pia kwamba kila mlango alioupitia kupeleka habari ya jana, aupitie tena leo kabla ya jua kuchwa, na aseme kwamba Lewa amejilisha mwenyewe, kwa kifaa alichokitengeneza mwenyewe, na kwamba jina la Masha lisisikike. "Na ukisahau mlango mmoja," alisema, "nitapita mimi, niseme ulikuwa mjinga kuliko mimi."

Hapo wazo jingine likaja, nikasimama. Likizo ya Agosti mwanangu Pola, mwenye miaka minane, alikuwa kwa babu yake wiki tatu.

"Nani mwingine amenyonya huu mrija?"

Baba alielewa haraka, nikaona uso wake. Alisema Pola aliutumia kunywea dafu, mara moja, labda mbili. Jumatatu asubuhi Pola alikuwa Kilifi akitolewa damu, akilia kwa sababu ya sindano, na kwa siku tisa nilipika chakula ambacho hata mimi sikukisikia ladha. Majibu yake yalikuja mazuri: namba ndogo, isiyohitaji dawa. Daktari alisema dafu si chachu kama mnazi, na mara mbili si miaka miwili. Nilimnunulia Pola viatu alivyokuwa akivitaka. Sikumwambia sababu.

Mrija ulifungwa kwenye mfuko wa plastiki ukaenda kwa Daktari Cherop. Aliupima, akakuta alichokitarajia, akauliza kama anaweza kubaki nao awaonyeshe wanafunzi wake. Baba alikubali kwa sharti moja, wanafunzi waambiwe kwamba ufundi wenyewe haukuwa na kasoro. Nadhani daktari alitimiza.

Kisha Baba akaja kukaa kwangu kumeza dawa, siku kumi na tisa, mara tatu kwa siku zile tano za kwanza, mara mbili zilizobaki. Karatasi niliibandika kwenye friji, na karibu na kila dozi nilikuwa napiga alama mimi, si yeye. Vidonge vile vinanuka. Ukifungua chupa ni kama yai viza limepasuka chumbani, na harufu hiyo hutoka na mtu kwa pumzi, kwa jasho na kwa njia nyingine. Wanangu walihamia sebuleni. Linet, mkubwa, alifika mahali pa kumwomba babu yake, Tsawe kama wanavyomwita, kwa heshima zote, asicheke kabla ya chakula. Baba alikuwa akicheka makusudi. Na kwa kuwa alikuwa chini ya macho yangu, vidonge vya presha navyo vilimezwa kila asubuhi, bila kukosa hata siku moja, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kumsindikiza kliniki muuguzi alimvua ile kanda ya kupimia presha bila kukunja uso.

Risasi ilishuka hadi ishirini na sita. Baadaye ikapanda kidogo, thelathini na moja, nikakasirika, nikamshuku. Daktari akanituliza: nyingine ilikuwa imejificha mifupani na sasa inatoka taratibu, ataimeza dawa duru nyingine. Kwa hiyo neno la Kamande kuhusu mafichoni nalo lilikuwa na chembe ya ukweli. Tumbo lilifunguka wiki ya pili. Mkono ulichukua muda. Siku moja nilitoka kazini nikamkuta amekaa mezani, kiganja cha kulia kimesimama chenyewe hewani, anakiangalia kama mtu anayemwangalia mtoto anayejifunza kusimama. Nilipitiliza jikoni nisimharibie.

Kamande nilikutana naye mjini Malindi, sokoni, nikinunua nazi za shule. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mama, si nilikwambia?"

"Uliniambia. Ungeniambia hivyo hivyo hata kama ningekuletea mbuzi."

Alicheka, jambo ambalo sikulitarajia. Nikamwambia mgonjwa mwingine akija, kabla ya sindano, amuulize anakunywa kwa kutumia nini. Alisema atauliza. Kama anauliza, sijui. Nazi zilikuwa nzuri.

Lililobaki ni Masha. Baba alikuwa hajaonana naye tangu siku ya majibu. Mnywaji mmoja baada ya mwingine alikuwa amerudi kwenye mangwe, baba mdogo Dzombo akiwa wa kwanza, maana alikuwa amepita milango yote na kiu imemshika. Lakini Masha hakuwa ametuma salamu, na Baba hakuwa na la kutuma. Nilimwambia aombe radhi, ni neno moja. Akasema mimi sijui maneno yanavyofanya kazi. Huenda.

Daktari alikuwa amemkataza pombe mpaka dawa iishe. Ilipoisha duru ya pili, akamruhusu mnazi wa asubuhi, ule mtamu ambao haujachacha, kidogo. Jumapili iliyofuata tukaondoka Kilifi mapema. Baba alivaa kanzu yake ya Idi. Mfukoni alikuwa na mrija mpya wa mwanzi aliouchonga mwenyewe kwa siku nne, kwa mkono ule, na ncha ameifunga nyuzi za kilifu. Haukuwa mzuri. Ulikuwa umepinda kidogo.

Masha alikuwa ndiyo kwanza ameshuka mnazini. Walisalimiana kama watu waliokutana benki. Afya? Njema. Ng'ombe? Wapo. Mihogo? Ipo, iliyosazwa. Kisha Masha akachukua mboko, akamimina mnazi, mweupe, povu juu, akauinua kuelekea mdomoni ili aonje kwanza, kama alivyofanya kila siku kwa miaka arubaini na tano.

"Usionje," Baba alisema.

Masha alisimama na mboko hewani. Nami nilisimama. Mgema kutoonja, kwa watu wetu, ni jambo ambalo mgeni halisemi. Mgeni hungoja. Mgeni anayepokea kibuyu kisichoonjwa ameweka roho yake mkononi mwa aliyempa.

"Nipe hivyo hivyo," Baba alisema. "Kuanzia leo, mimi usinionjee."

Akanyoosha mikono yote miwili. Wa kulia haukuinama. Masha alimtazama, akautazama ule mkono, akampa mboko. Baba akachovya mrija wake uliopinda, akavuta, akameza. Akavuta tena.

"Vipi?" Masha aliuliza.

Baba alifikiri. "Wa kwangu ulikuwa mtamu zaidi."

Masha alicheka mpaka akakohoa, akakaa chini, akamwambia ni mpumbavu tangu alipotahiriwa na ataufia upumbavu huo akiwa na miaka mia. Baba akamwambia sogea, unanizibia jua. Nami, kwa kuwa hakuna aliyenikaribisha kiti, nikakivuta mwenyewe, nikaangalia saa. Vidonge vya presha vilikuwa saa tatu, na nilikuwa navyo mkobani.